Ukingo Kabla ya Jina

Watu wengi wakitajiwa sanaa ya kuchonga katika nchi yetu huwaza mara moja mti. Huwaza mpingo, huwaza Wamakonde, huwaza zile sanamu za ujamaa ambamo watu wamebebana kizazi juu ya kizazi. Wana haki ya kuwaza hivyo, kwani sanaa hiyo imelitangaza jina la Tanzania mbali. Lakini jiwe tumelisahau. Tunalikanyaga, tunalijengea msingi, tunalivunja kuwa kokoto, na tukiliona limechongwa vizuri hudhani kwamba mkono uliolichonga ulitoka ng'ambo. Katika insha hii nataka kueleza habari za kazi ndogo niliyojifunza hapa Songea nikiwa nimekwisha kupita umri wa miaka hamsini, nayo ni kazi ya kunyoosha kingo za bamba la jiwe. Sisemi kuchonga sanamu, wala kuchora herufi. Nasema kingo tu. Kwa kazi hiyo nimeona jambo ambalo yafaa walimu na wanafunzi walifikirie pamoja nami: kwamba mtu hawezi kuweka jina juu ya jiwe likadumu, kama mkono wake haujajua kwanza jiwe hilo linaishia wapi.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeitumia katika masjala. Kazi ya masjala, ukiitazama kwa undani, ni kutunza majina. Kila jalada lina jina na namba, na nyuma ya kila jina kuna mtu aliyezaliwa, akafanya kazi, akadai haki yake. Nimeona jinsi karatasi inavyozeeka: wino hufifia, mchwa hula, na unyevu hugandamanisha kurasa hata zisifunuke. Saa za jioni mimi hutunga mashairi, nayo pia hukaa katika karatasi. Basi mtu aliyeishi hivyo maisha yake yote hana budi siku moja kujiuliza, ni kitu gani kitakachobaki?

Swali hilo lilinijia kwa nguvu kwa sababu ya kaburi la baba yangu. Baba alifariki mwaka 2009, akazikwa kijijini, nje kidogo ya mji. Kaburi lake tulilisakafia kwa saruji, na jina likaandikwa kwa ncha ya msumari saruji ikiwa bado mbichi, kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi. Mvua za huku kwetu huanza mwezi wa Novemba zikaendelea hata Aprili, tena si mvua za mchezo. Baada ya masika kumi na zaidi saruji ilipasuka pembeni, maji yakaingia chini yake, kuvu ikaota ndani ya herufi. Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, hakupata kusoma shule. Jina la mumewe yeye hulisoma kwa vidole, kila anapokwenda kupalilia pale. Ndiye aliyetangulia kutambua. "Jina la baba yenu linakwenda," alituambia.

Wadogo zangu walitoa shauri la kununua kibao cha kiwandani chenye jina na picha, ambacho mtu huagiza leo akakipata juma lijalo. Lilikuwa shauri jema, la watu wenye mapenzi. Mimi niliomba tukifanye sisi wenyewe, hapa hapa Songea, kwa mikono ya watu tunaowajua. Tulijadiliana sana, na mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fanyeni mpendavyo, wanangu, ila mkifanye nikiwa hai." Baada ya neno hilo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa.

Nilikwenda kwa mwashi mmoja mjini, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Yeye aliniita mzee, nami nikamwita fundi, na ndani ya kiwanja chake cha kazi neno la fundi ndilo lililotawala. Alikuwa na bamba la jiwe la sleti, jeusi lenye kuelekea rangi ya bahari ya usiku, salio la kazi ya sakafu lililoletwa kwa lori pamoja na shehena ya vigae. Akaniuliza kama nilitaka anichongee au nilitaka kujifunza. Nikamjibu kwamba nataka kujifunza. "Basi tutaanza na kingo," alisema, "na herufi tutaziona baadaye."

Hapa yafaa nieleze kidogo sleti ni jiwe gani. Sleti ni tope la kale. Udongo laini ulituama chini ya maji, tabaka nyingine zikaufunika, ukashindiliwa na kupashwa joto ndani ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, hata ukawa jiwe gumu lenye kupasuka katika mabamba membamba, kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Ndiyo maana zamani lilifaa kwa vibao vya wanafunzi. Baba alitusimulia mara nyingi kwamba herufi zake za kwanza aliziandika juu ya sleti. Kalamu yake iliitwa grife, neno ambalo Kiswahili kililipata kwa Wajerumani, kama kilivyolipata neno shule. Mtoto aliandika jina lake, mwalimu akalitazama, kisha likafutwa kwa kitambaa ili hesabu zipate nafasi. Nilipolishika bamba lile nilifikiri kwamba jiwe la jinsi hii ndilo lililokuwa likifuta jina la baba yangu kila siku, na sasa nalitaka jiwe lilo hilo lilishike lisilifute tena.

Somo la kwanza lilikuwa la masikio. Fundi alilisimamisha bamba juu ya ubao, akaligonga kwa kifundo cha kidole, nalo likatoa sauti kama ya kengele ndogo. "Sikiliza, mzee," alisema. "Jiwe zima hulia. Lenye ufa hukohoa." Akachukua kipande kingine, akakigonga, na kweli kilitoa sauti nzito iliyokufa papo hapo, ingawa kwa macho sikuona dosari yoyote. Akakitupa katika rundo la kokoto.

Kisha nilifundishwa kukata. Wengi wangedhani kwamba ukitaka uso wa jiwe uwe mzuri utalipiga ukiwa unautazama uso huo. La, hasha. Mstari huchorwa mgongoni kwa ncha ya chuma na rula, halafu bamba hulazwa kifudifudi juu ya chuma cha pembe, mstari ukilingana sawasawa na ukingo wa chuma hicho. Chini huwekwa ubao, ili jiwe lisielee. Hapo hupigwa kwa makali ya chuma, pigo fupi baada ya pigo fupi, kutoka mwisho mmoja kuendelea mbele, kila pigo likimega kipande kidogo kama ukucha. Sababu yake ni hii: sleti hupasuka kwa tabaka, na mahali pigo linapotokea ndipo jiwe linapobanduka na kuacha mteremko. Upande ule unaopokea pigo hubaki mnyofu zaidi, na upande wa pili huvunjika kwa mshazari. Kwa hiyo fundi huamua mapema ni upande gani watu watauona, kisha hupanga mapigo yake kufuatana na uamuzi huo. Kwa bamba langu tulitaka mshazari ule utokee usoni, uwe kama fremu iliyochongwa kwa mkono kulizunguka jina, na ndipo tukaulaza uso chini.

Baada ya kukata hufuata tupa. Nayo ina sheria yake. Tupa husukumwa kutoka usoni kuelekea mgongoni, isirudishwe kwa nguvu kutoka mgongoni kuja usoni, maana ikija hivyo huinua magamba ya jiwe na kuuharibu uso. Vivyo hivyo katika pembe: mtu huanza pembeni akafanya kazi kuelekea katikati, halafu akageukia pembe ya pili akaja tena katikati. Asiikimbize tupa ikatokeza nje ya pembe, kwani pembe haina jiwe jingine nyuma yake la kuishikilia. Fundi alinieleza sheria hizi zote kwa neno moja. "Nguvu yako iingie ndani ya jiwe," alisema. "Ikitoka nje, itatoka na jiwe."

Mwisho kabisa ni maji na mchanga laini, na baadaye msasa, mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Maji yana faida mbili. Hulainisha kazi, na huzuia vumbi. Jambo hili nataka vijana walishike, kwa kuwa ni jambo la uhai: vumbi la mawe ya namna hii lina silika, na mtu akilivuta miaka mingi humwachia makovu ndani ya mapafu, akapata ugonjwa uitwao silikosisi ambao hauna dawa ya kuuponya. Fundi yule hakuruhusu tupa iguse jiwe kavu katika kiwanja chake, na kila aliyefanya kazi pale alifunika pua na mdomo.

Jumamosi sita nilifanya kazi hiyo juu ya vipande vya mazoezi kabla ya kukabidhiwa bamba lenyewe. Lililonishangaza zaidi lilikuwa somo la kuvunja makali. Ukingo ukiisha nyooka, ncha yake huwa kali kama wembe, nayo hupendeza macho ya mgeni. Lakini ukingo mkali ndio dhaifu. Ukiguswa na jembe au na kwato ya mbuzi, humeguka. Kwa hiyo fundi hupitisha jiwe la kusugulia juu ya ile ncha, mara tatu nne tu, akaiondolea ukali wake kwa kiasi cha unene wa uzi. Jicho haliutambui upungufu huo, lakini ukingo uliopunguzwa hivyo hukaa miaka mingi.

Nikiwa mtunzi wa mashairi, nililiona jambo hili si geni. Mshairi wa Kiswahili naye huanza na kingo. Mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na kila kipande kina kina chake mwishoni. Mwanafunzi wa utunzi huvipanga kwanza vina, yaani mahali maneno yatakapoishia, kisha ndipo ayatafute maneno ya kujaza ndani. Asiyejua mshororo wake unaishia wapi humwaga maneno. Wala si mshairi tu. Hata karani hufundishwa kuacha pambizo kabla ya kuandika barua.

Sasa niseme juu ya ile dhana kwamba kazi ya mawe ni ya wageni. Msafiri atokaye Songea kwenda Dar es Salaam hupita Njombe na Makambako, na kabla ya kufika mjini Iringa hupita karibu na korongo la Isimila. Wataalamu walichimba mahali hapo mwaka 1957 na 1958, wakakuta shoka za mkono za mawe kwa wingi mno, kazi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Tazameni shoka hizo zilivyotengenezwa. Mtu alichukua jiwe, akaligonga ukingoni, likabanduka kipande. Akaligeuza, akaligonga upande wa pili. Akaendelea hivyo kulizunguka mpaka likapata umbo la jani na makali pande zote. Kule Olduvai, ambako Louis Leakey na Mary Leakey walifanya utafiti kwa miaka mingi, kuna zana za mawe zilizo kongwe zaidi, za umri wa karibu miaka milioni mbili. Basi, ndugu wasomaji, kunyoosha ukingo wa jiwe ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa ambazo binadamu alizifanya, na katika ardhi ya nchi yetu kumbukumbu za kazi hiyo zimehifadhiwa kuliko katika nchi nyingi.

Tena tusiende mbali hivyo. Mama zetu walisaga nafaka juu ya mawe. Jiwe la kusagia likitumika sana huteleza, na punje hukimbia bila kusagika. Mwanamke alichukua jiwe jingine dogo na gumu zaidi, akalidonoa lile kubwa polepole uso mzima, mpaka likapata ukwaru wake tena. Aliijua sauti ya jiwe zima na sauti ya jiwe lenye ufa. Kazi hii haikuitwa sanaa, wala aliyeifanya hakuitwa fundi, lakini ilikuwa ujuzi kamili wa mawe.

Na tukishuka pwani tutakuta ujuzi huo umepanda daraja nyingine. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yapo maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, nayo yanataja mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981, zimejaa fremu za milango na mihirabu za matumbawe. Mafundi wa huko walijua siri ya jiwe lao: matumbawe mazuri huchongwa yakiwa yametoka baharini karibuni, bado laini, kisha hukauka na kuwa magumu. Walichonga kingo zikiwa tayari kupokea, wakaacha wakati ufanye kazi iliyobaki.

Bamba la baba lilipokwisha nyooka, kabla halijatiwa herufi, nililifunga katika blanketi nikalipeleka kijijini ili mama alione. Kwa mama, kuona ni kupapasa. Alikaa mkekani, akaliweka mapajani, akapitisha kidole gumba kulizunguka pande zote nne, polepole, bila kusema. Nilingoja kama mwanafunzi anayengoja daftari lake. Alipomaliza alinitazama akauliza, "Na maji yatakwenda wapi?"

Sikulielewa swali lake mara moja. Akanionyesha kwa mkono. Jiwe la kusagia, alisema, haliwekwi bapa. Huinamishwa mbele, ili unga ujue njia ya kwenda. Jiwe la kaburini nalo lapasa lijulishe maji njia. Ukingo wa juu ukiwa bapa, maji yatasimama pale, yatatafuta tabaka, yataingia. Nalo jiwe litabanduka kama saruji ilivyobanduka. Niliporudi mjini nilimweleza fundi maneno hayo. Alinyamaza kidogo, akacheka kwa heshima, akasema, "Mama ni fundi." Tukauteremsha ukingo wa juu kuelekea nyuma kwa mshazari mdogo, na bamba lenyewe tukalisimika likiwa limeegemea nyuma kidogo. Katika masika yaliyofuata nilikwenda kulitazama mvua ikiwa inanyesha. Maji yalishuka mgongoni, na uso ulilowa tu kisha ukakauka.

Herufi zilichongwa na fundi, kwani mimi ni mwanafunzi wa kingo bado. Nilikuwa nimetunga ubeti mmoja wa kumsifu baba, lakini ndani ya kingo zile palitosha jina lake na miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Ubeti nimeubakiza daftarini. Mama alipolipapasa jina lililokatwa katika jiwe, herufi kwa herufi, alisema kwamba sasa linashikika.

Mji wetu wa Songea unaijua thamani ya jina kaburini kuliko miji mingi. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwezi wa Februari mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa zaidi ya sitini, na wengi wao walizikwa katika kaburi moja. Leo mahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na wazee wamesimulia kizazi hata kizazi kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa shujaa huyo, akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa. Nimelitafakari sana jambo hili. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita. Kama watu wa hapa wasingelitunza jina, na mahali, na mpaka wa kaburi, yule mgeni angesimama wapi? Angesema na nani?

Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi walifikiri kwanza juu ya ngoma na nyimbo, nazo zilistahili kufikiriwa. Lakini utamaduni ni pamoja na namna tunavyotunza vitu ili visipotee, na utunzaji hufanywa kwa mikono. Vijana wetu wanasoma Majimaji darasani, wanakariri miaka na majina, wanafaulu mitihani. Wachache kati yao wamewahi kushika tindo. Wachache zaidi wamewahi kuwauliza bibi zao jinsi jiwe la kusagia lilivyotunzwa, na mabibi wenye kujua jibu wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo ninatoa ombi kwa walimu. Karibu na kila shule yapo makaburi ya wazee ambayo majina yake yanafutika. Wanafunzi na wayaandike majina hayo katika daftari wakati bado kuna mtu wa kuyataja, wakiwauliza wenye makaburi kwa adabu. Halafu shule na itafute mwashi mmoja wa jirani, imwombe aje siku moja na vipande vichache vya mawe, na kila mwanafunzi apate kunyoosha ukingo mmoja, hata kama ni wa urefu wa kiganja. Atachoka, na mkono utamwuma. Akiuliza ni lini ataanza kuandika jina, aambiwe kwanza afunike pua na mdomo, alitie jiwe maji, na aligonge asikie kama linalia.